Ndevu za Nanga

Jumamosi, 1 Machi

Sikai, situlii. Nimelisoma toleo la sita la Kikosi cha Watano mpaka jalada limeanza kuachia. Linaishia pabaya! Nanga, jitu lisilosogezwa hata na treni, anasukumwa kutoka darajani. Wenzake Mapacha wamening'inia miguuni mwake. Chini kabisa, kwa maandishi mekundu: JE, WATAPONA? Nafungua toleo la nane. Wote watano wako juu ya meli, wanacheka. Nanga ana ndevu hadi kifuani.

Ndevu! Zimetoka wapi?

Jibu liko kwenye toleo la saba. Toleo la saba liko kwa Kaka.

Niandike hapa nilivyodhulumiwa. Vitabu hivi vya katuni vilikuwa vya marehemu baba. Alivificha juu ya kabati, sisi tukaishia kuchungulia majalada. Mwaka jana Mama alipohamia nyumba ndogo, alikaa sakafuni akavigawa kama karata: hiki cha kaka yako, hiki chako. Kaka akapata namba witiri zote, mimi shufwa. Kaka akadai yeye ni mkubwa, vyote vilikuwa vyake. Mimi nikamwambia kwamba yeye, mwalimu wa udereva, hasomi kitu zaidi ya alama za barabarani. Tangu hapo hatusemezani.

Ubaya zaidi, sote wawili ni wahakiki wa gazeti la wiki la hapa mtaani. Mhariri anatuweka ukurasa mmoja, mimi kushoto, yeye kulia. Anasema wasomaji wanafurahia kutuona tukiparurana.

Kumwomba toleo la saba? Kamwe.

Jumapili, 2 Machi

Nimezunguka sebule mpaka mke wangu akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia ndevu.

Halafu wazo! Kwenye Kikosi yupo Mwangwi, anayeiga sauti ya mtu yeyote. Kama yeye anaweza, mimi je? Kesho nitatumia simu ya kazini.

Jumatatu, 3 Machi

Mafanikio makubwa! Daktari wa meno, bosi wangu, alipotoka kula mchana, nilijaza pamba mashavuni nikampigia Kaka. Nikajitambulisha kama Daktari, mtafiti wa katuni za kale za mashujaa. Kaka akanyenyekea! Sijawahi kumsikia hivyo tangu nizaliwe. Alinisimulia toleo la saba lote bila haraka, mimi naandika nyuma ya kadi za wagonjwa.

Kumbe Nanga aliangukia jahazi lililobeba sabuni. Bi Mvuke, yule anayechemsha ziwa kwa pumzi moja, akakichoka kikosi, akaenda kufungua udobi na mjomba wa Nanga. Nanga akaapa hanyoi ndevu mpaka arudi. Ndiyo hizo ndevu! Nilikaribia kulia, na pamba zote mdomoni.

Mambo mawili yaliniudhi. Kwanza, Kaka aliuliza Daktari anamwonaje yule mhakiki wa kushoto. Ikabidi niseme ni mpumbavu. Akaomba nirudie polepole, anaandika. Pili, alimwalika Daktari kuzungumza na wasomaji Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Kwa mdomo uliojaa pamba ni rahisi kukubali kuliko kueleza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika uhakiki wa toleo la saba. Wacha nimkate Kaka maini! Nimeusifu ujasiri wa mwandishi, nikaandika kwamba sabuni ni ishara ya dhamiri. Mke wangu alisoma nyuma ya bega langu. Akauliza kwa nini mwanamke anayechemsha ziwa anatumwa chai kila toleo, wanaume wanne wakigombea nani akalie kiti cha mkuu. Nikamjibu ni mambo ya zamani. Akasema hata humu ndani mambo ni ya zamani. Sikumwelewa. Nikamwomba chai.

Akasema udobi ni uamuzi wa busara.

Jumatano, 5 Machi

Daktari nitamtoa wapi? Nilizunguka kliniki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu nikamwona bosi. Si daktari huyu? Wapi nimedanganya?

Nikamwomba. Nilitarajia anifukuze. Badala yake macho yakamng'aa, akasema tangu amalize chuo hakuna aliyewahi kumwita azungumze mbele ya watu. Nikampa toleo la pili ajiandae. Wagonjwa wawili walisubiri midomo wazi hadi alipomaliza ugomvi wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Gazeti limetoka. Kushoto: mimi, sabuni, dhamiri, udobi. Kulia: Kaka, ambaye naye amehakiki toleo la saba. Lake halina jahazi wala mjomba! Ukurasa wenyewe wameuwekea picha kubwa ya mashine ya kufulia. Mhariri alinipigia, akashindwa kusema kwa kicheko. Muuza magazeti ameniuliza ninatoza kiasi gani shuka mbili.

Aliniotea! Alinitungia! Alijuaje? Mke wangu akanyanyua kidole kuelekea ukutani. Kalenda ya kliniki. Namba ya simu imeandikwa kwa tarakimu za kuonekana barabarani. Mwenyewe nilimpelekea Mama moja, na Mama akampa Kaka.

Na kibaya kuliko vyote: bado sijui ndevu zimetoka wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimwambia bosi mkutano umeahirishwa. Akasema hapana, ameshathibitisha na maktaba. Amenunua tai ya kipepeo. Amechora taya kwenye bango.

Nikajaribu kuugua. Akanipima meno, akasema mazima.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Wengine walikuja na shuka chini ya kwapa, wakorofi. Kaka alikaa mbele, shingo imenyooka. Pembeni yake, Mama! Nikajua leo ndiyo leo.

Bosi akapanda jukwaani. Alieleza kwamba katika toleo la pili Nanga anapigwa ngumi za taya kwenye kila ukurasa na hajapoteza hata gego, jambo ambalo kitabibu halikubaliki. Watu wakapiga makofi. Akaonyesha bango. Akataka kujua Mapacha wanapiga mswaki saa ngapi, maana hawaonekani kulala. Makofi tena! Nilianza kupumua.

Kaka akasimama. Akamuuliza Daktari, kwa adabu zote, kama bado anamwona mhakiki wa kushoto ni mpumbavu. Bosi akashangaa. Akasema hajawahi kusema hivyo, huyo ni karani wake, ana kasoro zake lakini hachelewi kazini. Kaka akacheka. Nikasimama nikamwita mwongo, mzushi wa udobi. Akaniita mwizi wa sauti. Nikamwita mchoyo. Akasema bora mchoyo. Tukafika katikati ya ukumbi, vifua vimegusana, watu wazima wenye mvi.

Mama hakupandisha sauti.

"Kaeni chini."

Tukakaa. Sakafuni, maana viti vilikuwa mbali.

"Mnajua kwa nini niliwagawia moja moja?"

Kaka akasema ni kwa ajili ya haki. Mimi nikasema ni kwa sababu anampenda Kaka zaidi.

"Baba yenu alipofariki niliona mnaanza kupitana kama wapangaji. Nikasema, nikimpa kila mmoja nusu ya hadithi, watatembeleana. Watake wasitake. Mwaka mzima nimepika chai nikiwasubiri. Mkanitungia udobi!"

Mtu mmoja akaikunja shuka yake taratibu. Kaka aliangalia viatu vyake, nami nikaviangalia hivyo hivyo viatu vyake. Nikapenga kamasi. Nadhani ni vumbi la maktaba.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama, mchana kutwa. Kaka alikuja na sanduku, mimi na mfuko. Hatukusalimiana vizuri, tuliguna tu. Tukavipanga sakafuni kwa mfululizo, vyote, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki. Mama alikaa kitini, akajifanya anasinzia.

Kaka alilishika toleo la saba, hakunipa. Akajikuna. Halafu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, akauliza:

"Nani alimsukuma?"

"Nani?"

"Nanga. Langu linaanza yuko hewani. Mwaka mzima sijalala, bwana mdogo. Nani alimsukuma?"

Kumbe naye! Nikamwambia ni Mwangwi, wa kwao wenyewe. Kaka akashika kichwa. Nikasema sikuelewa kwa nini, Mwangwi ni mtu mwema. Akasema ooh, hiyo iko kwenye la tano: walimnyima kiti cha mkuu, wakamcheka mezani. Yeye alikuwa na sababu, mimi nilikuwa na mtu.

Tukasoma la saba bega kwa bega. Nanga hakuangukia sabuni. Bi Mvuke aliuchemsha mto wote, mvuke ukawapokea kama godoro. Na ndevu ni za bandia! Zimebandikwa kwa gundi ili aingie kwenye meli ya maharamia! Tulicheka hadi Mama akasahau kusinzia. Kaka alisema za udobi zilikuwa bora. Nikakubali. Nimemsamehe. Naye ananidai msamaha, lakini hilo tutaliangalia.

Njiani kurudi nilijihisi mwepesi. Nimeapa: hila basi. Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 12 Machi

Mhariri anataka tuhakiki pamoja, safu moja, majina mawili. Vizuri kabisa. Undugu mtamu. Mpiga picha anakuja kesho kutupiga tukiwa tumesimama, vitabu mkononi.

Tumesimama! Kaka amenizidi kichwa kizima. Wasomaji watadhani mimi ndiye msaidizi. Sina wivu, nawaza hadhi ya gazeti tu.

Nimekwenda kwa fundi viatu. Ameongeza soli chini, ameongeza na nyingine, nikamwambia asiwe na huruma. Nimejipima mlangoni: nampita Kaka kwa unene wa kidole. Mke wangu ametazama, ameketi.

Tatizo ni moja, siwezi kutembea. Lakini picha haitembei.