Tarehe ya Kupasuliwa kwa Jiwe la Liwa la Bimdogo

Jongeeni, enyi mkaao barazani, nanyi mpitao vichochoroni na vikapu vyenu, tueni mizigo mnyamaze, kwa maana nawapa habari ya vita vilivyopiganwa katika ua wa nyumba moja ya Mji wa Kale, siku ya Jumatano, baina ya adhuhuri na alasiri; vita ambavyo adui alikuwa jiwe, silaha ilikuwa tindo, na shujaa alikuwa Sami bin Hamid, Simba wa Ramani, Bingwa wa Chaki, aliyesomesha jiografia miaka thelathini na moja kule Tononoka. Shujaa huyo ni mimi. Najisifu mwenyewe kwa kuwa nimengoja sana na hakuna aliyejitokeza.

Kwanza mlijue jiwe. Lilikuwa bapa, pana kama sinia dogo, nene vidole vinne, nalo lililetwa kutoka Omani na nyanya wa Bimdogo, na Bimdogo ni mama mkwe wangu. Juu ya jiwe hilo ilisagwa liwa ya kila bibi harusi wa ukoo ule: kipande cha mti wa liwa husuguliwa hapo kwa marashi mpaka kitoe uji wa manjano, na uji huo hupakwa mwali siku za kuwekwa ndani, ngozi ipate kulainika na kunukia. Bimdogo alipakwa. Mke wangu Hafswa alipakwa, kisha nikapewa mimi, alhamdulillahi. Sasa zamu ilikuwa ya binti yetu Manar, ambaye harusi yake ilikuwa Ijumaa.

Basi Jumanne shetani akaninong'oneza kwamba kisu cha jikoni ni butu. Nikatafuta kinoo, sikukiona, nikaliona jiwe. Nikanoa kama mtu anayejiandaa kumtoa Mreno ngomeni, na mahasimu wangu walikuwa vitunguu vya kachumbari. Uso laini wa jiwe, ambao liwa ya vizazi vinne ilikuwa imeula ukabaki mwembamba, ukabanduka vigae vigae, na chini yake zikatokea chembe nene za mchanga. Nikalirudisha jiwe mahali pake, nikalifunika kitambaa, nikaenda msikitini mapema kuliko desturi yangu.

Jumatano asubuhi Bimdogo akasaga, Manar akapakwa shavu moja. "Nyanya, yakwaruza," akasema. Walipomfuta, palikuwa na mikwaruzo mitatu myekundu.

Bimdogo, Sultana wa Ua, mwenye miaka themanini na sauti isiyopanda kamwe, akalivuta jiwe, akapitisha kidole, kisha akanitazama.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Nilinolea kisu."

"Kisu."

"Cha vitunguu, Mama."

"Mwalimu, jiwe hili mamangu alinipa mkononi mwangu, na siku ya tatu akafa. Yeo mjukuu wangu awekwa ndani, na mimi sitampaka liwa iliyosagwa kwa jiwe la dukani. Nitakaa kando tu, waje wengine wampake." Akafuta macho kwa upindo wa leso yake. Hapo niliona aibu ambayo hata leo siwezi kuifanyia mzaha.

Nikalibeba jiwe hadi penye jua, nikavaa miwani, nikalitazama ubavuni. Na hapo, enyi wasikilizaji, Simba wa Ramani akaamka, kwa sababu ubavu ule ulikuwa na matabaka. Kila tabaka lilianza chini kwa chembe kama za sukari, likapanda kwa chembe kama za chumvi, likaishia juu laini kama unga. Kisha ukapita mstari mwembamba wa tope lililoganda, na juu yake chembe nene zikaanza upya. Nilikuwa nimemaliza sehemu laini ya tabaka la juu. Vidole viwili chini yake, gizani, kulikuwa na uso mwingine laini ambao haujawahi kuguswa.

Nikarudi kwa Bimdogo nikasimama kama mjumbe wa mfalme. "Mama, milima ya Omani lilikotoka jiwe hili, mingine ilikuwa sakafu ya bahari kuu. Mito ilileta mchanga, ikaurundika ukingoni mwa bara jeshi juu ya jeshi, mpaka siku moja ardhi ikatikisika, na jeshi zima likaporomoka chini ya maji, wingu zito la mchanga na tope, likatimka hadi vilindini pasipofika nuru. Huko likachoka. Wazito wakaanguka kwanza, wepesi wakafuata, na tope likatua mwisho. Kisha kimya, pengine miaka elfu, mpaka likaja jeshi jingine likalala juu ya wenzake. Mamilioni ya miaka baadaye sakafu hiyo ikaganda, ikakunjwa, ikanyanyuliwa ikawa milima."

Bimdogo akafikiri. "Nikiosha mchele, mtanga hukaa chini ya sufuria na vumbi huja kutua mwisho. Hilo ndilo ulilokuwa ukisomesha miaka yote hiyo?"

"Ndilo, Mama."

"Haya. Sasa wataka nini?"

Nilitaka kulipasua jiwe lake. Nikamwambia kwamba penye tope ndipo jiwe lilipo dhaifu, na likipigwa hapo sawasawa litaachana. Likipigwa visivyo, litavunjika mapande na hatutabaki na jiwe. Bimdogo akaufuata mstari wa tope kwa kucha. Kisha akasema, "Bismillahi. Lishakufa hili, halifi mara ya pili."

Nikamwita Gunga, fundi anayetengeneza kuta za majumba ya kale. Akaligeuza jiwe, akaligonga kwa kucha, akanirudishia. "Mwalimu, mimi mawe yangu ni ya matumbawe, nayajua tabia. Hili ni mgeni. Likinivunjikia, nitapita wapi nisikutane na huyu mama? Tindo hii hapa, na nyundo. Piga mwenyewe."

Nikashika silaha. Nikainua uso. "Ewe jiwe," nikasema, "uliyelala kilindini kabla ya mwanadamu, uliyebebwa mgongoni mwa milima..."

"Mwalimu," akasema Bimdogo, "wapiga au wahutubu?"

Pigo la kwanza lilitua kwenye dole gumba langu, nalo lilipokelewa kwa ukelele ambao historia haina haja ya kuuandika. La pili halikutoa jibu. Nikaisogeza tindo unywele mmoja, nikapiga la tatu, dogo, la woga, na jiwe likasema "ta" likaachana toka ubavu hadi ubavu. Kipande cha juu kikateleza. Kwenye uso wa chini palikuwa na utando wa kijivu, na juu yake alama ya mnyoo fulani aliyepita hapo akitafuta riziki, akapinda kushoto, akapinda kulia, asijue aendako. Nilimhurumia, maana ndivyo nilivyonoa kisu.

Bimdogo akaosha utando, akanyunyiza marashi, akasugua liwa. "Shavu," akaniamuru. Nikainama, nikapakwa mbele ya Gunga, mwali mwenye ndevu nyeupe, na Manar akacheka dirishani mpaka akashika ukuta. Halikukwaruza. Bimdogo akasugua tena, akalipapasa jiwe kwa kiganja kizima, machozi yakamrudia, na safari hii hakuyafuta.

"Manar, ndoo upakwe," akaita. Kisha, mkono ungali juu ya jiwe, akanigeukia. "Mwalimu, huo mtanga, kabla ya kuletwa na mito, ulikuwa wapi?"

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe, na msipunguze herufi: mawe hupasuka kila siku, lakini siku hiyo, kabla ya adhana ya alasiri, Sami bin Hamid, aliyeulizwa miaka thelathini na moja kama jambo hili litatoka kwenye mtihani, aliulizwa swali na mtu aliyetaka kujua jibu. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu naye, liwa ikinikauka shavuni, nikaanza kumweleza.