Rivolva ya Kula Kila Risasi

Jumatatu, 5 Agosti
Ukungu tena. Ndege ya mizigo imeshindwa kutua. Dukani kijijini risasi za rivolva yangu zimekwisha. Za saizi nyingine zimejaa tele! Na Jumamosi wanawake wanakwenda kuchuma matunda kando ya mto. Mama mkwe wangu, Agrafena, bado hajasema nani atawalinda na dubu. Mwaka jana alimchagua jirani yangu Alvin. Niliumia mno, sikumwambia mtu. Lakini leo naushukuru ukungu, umenifungua akili. Kwa nini rivolva ichague chakula? Nitaifundisha kula chochote kilichopo.

Jumanne, 6 Agosti
Nimempigia simu fundi wa bunduki wa mjini. Nikamweleza: nataka silinda tatu za kubadilisha, yale mapipa madogo ya bastola yanayozunguka na risasi, kila moja na aina yake ya risasi. Akasema inawezekana, ila nimpelekee yeye, na nisithubutu kuigusa kwa tupa. Inawezekana! Mtu mwema sana yule. Nimeshatafuta tupa.

Jumatano, 7 Agosti
Mke wangu Natalia kanipa sanduku la vyuma la marehemu babake. Silinda mbili kuukuu ndani! Aliuliza kama nimepima. Nikamwambia jicho langu linatosha. Alicheka mpaka akamwaga chai. Kuwa na mke mchangamfu ni baraka. Silinda moja imekataa kuingia. Nimeisugua mchana kutwa, imekubali. Nyingine imeingia yenyewe, inachezacheza kidogo. Sitaibana.

Alhamisi, 8 Agosti
Jioni, bafu la mvuke. Wanaume wote tumo, jasho linatutiririka, nikawasimulia silinda zangu. Alvin akaanza. Eti, "Jirani, dubu akija utamwambia asubiri ubadilishe silinda?" Kicheko! Nikamjibu rivolva yake inajua aina moja tu ya risasi, kama mtoto anayekula viazi peke yake. Nilipotoka, mama mkwe alikuwa mlangoni na sinia la mkate wa samaki, kasikia yote. Akasema, "Haya mwanangu, Jumamosi linda wewe. Nikuone." Mimi! Machozi yalinilengalenga. Nimekula vipande vinne vya ule mkate kwa shukrani.

Jumamosi, 10 Agosti
Ole wangu.
Dubu alitokea vichakani, mkubwa kama banda letu la boti. Nikachomoa rivolva. Tupu! Silinda tatu ninazo, na risasi za aina zote nimezichanganya mfuko mmoja. Risasi ya kwanza nene, haiingii. Ya pili nyembamba, ikapita tundu lote ikatumbukia mtoni. Nikabadilisha silinda; ikaanguka majanini. Nikaanza kuitafuta kwa magoti! Mama mkwe akapita mbele yangu, akagonga ndoo, akamfokea dubu, "We! Huna haya? Kale upande wako!" Dubu akageuka, akaondoka zake. Mama akaniangalia pale chini. "Inuka, mwanangu. Hata dubu kakuonea huruma."
Tumerudi wote wazima. Namshukuru Mungu. Namshukuru mama. Usingizi utapatikana wapi kwa aibu hii?

Jumapili, 11 Agosti
Baada ya kanisa Alvin kaja. Nikajiandaa kutaniwa. La! Kesho wanawake wanarudi mtoni na yeye anakwenda kuvua, kwa hiyo kamsihi mama mkwe anipe nafasi ya pili. Mama kakubali, ila kwa sharti: nibebe rivolva ya Alvin, nzima, isiyoguswa na mtu. Alvin kaniwekea mkononi. "Jirani, iko sawa kama ilivyo. Umenisikia? Kama ilivyo." Nikamkumbatia. Sikujua nina rafiki wa namna hii! Mtu wa namna hii hashukuriwi kwa maneno matupu. Kitu kizuri hivi, halafu kinakula aina moja tu ya risasi, maskini. Nimeshaifungua yote. Vipande viko mezani, isipokuwa springi moja iliyorukia chini ya jiko. Alvin atafurahi mno.