Idara Iliyoondoa Dari

Idara ya Hati na Vibali ilitangaza, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba imepiga hatua ambayo hakuna idara nyingine iliyothubutu kuipiga. Ukumbi wake wa chini ya ardhi, uliokuwa ukikarabatiwa ili wananchi wahudumiwe humo, hautakuwa na dari. Mabomba, nyaya na njia za hewa vitaachwa vionekane. "Serikali isiyo na dari," ilisema barua, "ni serikali isiyo na siri."

Uamuzi huo haukuokotwa njiani. Kamati ya Mustakabali wa Dari ilikaa vikao kumi na kimoja. Wajumbe walisafiri kwenda kutazama dari za watu, na mmoja wao alirudi na shingo iliyokaza, akaandikiwa kuwa ameumia akiutumikia umma. Taarifa yao ya kurasa mia moja na kumi na mbili ilihitimisha kwamba palipo na dari pana dari, na pasipo na dari pana nafasi zaidi, kiasi cha sentimita ishirini na nane.

Aliyesahauliwa kuulizwa ni yule aliyefanya kazi humo ndani. Huyo alikuwa mtunza majalada, mwanamke wa makamo ambaye hata mlinzi wa getini alimwita Mama Jalada. Alikuwa amekaa kule chini miaka kumi na tisa, na kila jalada alilijua kwa harufu. Lakini siku zile dari haikuwa akilini mwake. Majalada arobaini na matatu ya hati za nyumba hayakuonekana, na Mkurugenzi alikuwa amemwandikia barua ya kujieleza: siku saba, la sivyo kazi basi. Alitafuta juu ya makabati, chini ya makabati, hata nyuma ya ndoo za wafagiaji. Alichopata ni mwavuli wake uliopotea miaka minne nyuma, na haukumfariji.

Fundi bomba aliyeletwa kupaka rangi mabomba alikuwa mdogo wa mume wa Mama Jalada. Bomba la maji safi alilipaka buluu, na lile la maji machafu kahawia, kama mwongozo ulivyoagiza. La kahawia lilitoka chooni kwa Mkurugenzi, ghorofa ya juu, likapita sawasawa juu ya viti vya wananchi.

"Shemeji," alisema fundi akiwa ngazini, "hawa wakubwa wako waliambiwa dari ni ya nini?"

"Waliambiwa ni kizuizi cha maendeleo."

"Basi tazama hapa." Aligonga njia ya hewa, sanduku refu la bati lililopanda hadi juu. "Hii mdomo wake wa pili uko nyuma ya kiti cha bosi. Zamani mdomo huu wa chini ulifunikwa na mbao za dari. Sasa uko wazi. Bosi akipiga chafya kule juu, wewe huku utamwambia afya."

Mama Jalada alimshauri aandike. Fundi akaandika. Kamati ikapokea maandishi yake, ikayapa jina la Maoni ya Kiufundi Yasiyo ya Lazima, na kuyaweka pembeni. Kuhusu kelele za choo katika bomba la kahawia, kamati iliona faida: zingewathibitishia wananchi kwamba Mkurugenzi yupo kazini.

Na kweli zilithibitisha. Wiki ile watu walioanza kusubiri humo kabla ya uzinduzi, wakiambiwa kwamba Mkurugenzi yuko safarini, walisikia bomba la kahawia likinguruma juu ya vichwa vyao. Wakatazamana.

"Amerudi salama," alisema mzee mmoja, akaendelea kusubiri.

Siku ya sita ya barua ya Mama Jalada ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi. Katibu Mkuu wa wizara alifika mapema, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba, akakalishwa mstari wa mbele na mkasi wa kukatia utepe mapajani. Nyuma yake walikaa wananchi sitini. Mama Jalada alisimama kando ya makabati yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mkurugenzi alikuwa bado juu, akijiandaa.

Ndipo njia ya hewa ikakohoa, ikasafisha koo, ikaanza kuongea na simu.

"Nambie, ndugu yangu... Aa, yale majalada? Yapo hapa, kabatini kwangu. Yote arobaini na matatu... Sasa niyatoe ili iweje? Mtu akishapata hati yake anakusahau. Asipoipata, kila asubuhi anakuja: shikamoo mheshimiwa, watoto hawajambo mheshimiwa. Heshima haiji bure."

Ukumbini vichwa vyote viliinuka kuelekea bati.

"Yule mama? Kesho anaondoka. Kitu kikipotea lazima apatikane aliyekipoteza, ndiyo utaratibu... Katibu Mkuu? Huyo anakuja kukata utepe. Mkasi ndiyo kazi pekee anayoiweza. Haya, baadaye."

Bomba la kahawia likanguruma. Baada ya dakika mbili Mkurugenzi akashuka ngazi, tai imenyooka, tabasamu limekaa mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi. Akadhani ni heshima.

"Ndugu wananchi," alianza, "kuanzia leo, baina yetu na nyinyi hakuna kinachofichika."

"Tumesikia, mheshimiwa," alijibu yule mzee.

Mama Jalada aliyaacha makabati yake. Miaka kumi na tisa hakuwahi kusema neno mbele ya mkubwa bila kuulizwa. Akapiga hatua moja, kisha nyingine, mpaka akawa mbele yake.

"Naomba ufunguo wa kabati lako, mheshimiwa."

"Kabati gani, mama?"

"Ulilomwambia ndugu yako kwenye simu. Barua yangu ya kujieleza inatakiwa kesho, na mimi sipendi kuchelewesha."

Mkurugenzi aliinua macho polepole, akaona mdomo wa bati ukimtazama. Akageuka kwa Katibu Mkuu kutafuta msaada. Katibu Mkuu alikuwa ameweka mkasi sakafuni.

"Mpe," alisema. "Au nilete fundi wa kufuli? Nasikia mambo mengi siyawezi, lakini hilo naliweza."

Majalada yalishushwa kwa mikono, mtu na jalada lake. Yule mzee alilikumbatia la kwake kama mtu aliyempokea mjukuu. Mama Jalada aliandika barua yake ya kujieleza kwa mstari mmoja: "Yameonekana." Usiku ule alilala mpaka jua likampiga usoni.

Mkurugenzi alisimamishwa kazi, na utaratibu ukataka afike mwenyewe idarani kuomba jalada lake la utumishi, ambalo bila hilo tume iliyoundwa kumchunguza haiwezi kuanza. Alifika Jumatatu, akajaza fomu, akakaa na wananchi chini ya bomba la kahawia. Alikuwa na matumaini makubwa. Katika uongozi wake, jalada lililoombwa humo lilichukua wastani wa miezi minane.

Mama Jalada alilipata kwa dakika nne. Tume ikaanza mchana uleule.

Kabla ya kupanda ngazi kwenda kuhojiwa, mheshimiwa aliomba karatasi akaandika malalamiko rasmi, kwamba amehudumiwa haraka kupita kiasi. Mama Jalada aliyapokea kwa mikono miwili, akayagonga muhuri, akayafungulia jalada jipya. Idara haikuwa imewahi kupata malalamiko ya aina hiyo.