Uyoga wa Shimo la Salmini

Salmini alipomwona mama muuza uyoga pale Tinde, hakuona uyoga, aliona pikipiki aliyoitamani siku nyingi. Mwenye pikipiki hiyo alikuwa Mayala, mwenyekiti wa machimbo kule Geita, na Salmini alikuwa na shimo huko ambalo hata panya walishalihama.

Akanunua beseni zima. Alipofika machimboni akaupandikiza uyoga shimoni, mmoja mmoja, kwa upole wa mkunga. Kisha akamwita Mayala.

"Mwenyekiti, uyoga hulisha watu. Huozesha magogo yakawa mbolea. Na huu hauoti pasipo dhahabu."

Kweli mbili zilitangulia, uongo ukadandia nyuma bila nauli. Mayala akameza mate.

"Unataka nini?"

"Pikipiki yako tu, baba. Shimo lichukue."

"Basi upikwe. Mwenye mali atoe uchawi kwanza."

Ndiyo desturi: mwenye chakula huonja mbele ya mgeni. Salmini akala sahani nzima, maana alijua ulikotoka. Mayala hakugusa.

"Karibu, mwenyekiti."

"Mimi? Humo shimoni tunamwaga maji ya kuoshea dhahabu, yenye zebaki. Uyoga huinyonya yote. Mtu akiula hutetemeka mpaka meno."

"Lakini mkutanoni ulisema pako salama."

"Ule ulikuwa mkutano." Mayala akamkagua mikono. "Mbona hutetemeki? Au haukuota humo?"

Pikipiki ilikuwa inaponyoka. Akisema uyoga ni wa Tinde, amejichoma. Akikaa mzima, amejichoma vilevile. Salmini akaanza na kidole kidogo, akapandisha mpaka bega, akamalizia na taya. Wachimbaji waliosimama kando wakavua kofia.

"Nipelekeni hospitali," akakoroma. "Nikawaeleze madaktari. Shimo, maji, na jina la mwenyekiti."

Uso wa Mayala ukashuka. Wakubwa wetu humwogopa mgonjwa anayeongea kuliko maiti kumi zilizonyamaza.

"Upelekwe na nani?" Akamtumbukizia ufunguo mfukoni. "Pikipiki si yako sasa? Panda. Nenda Chato, nenda mbali zaidi. Wakikuuliza, ulikula samaki."

"Ahsante, baba," Salmini akajibu, meno yakigongana.

Akatetemeka mpaka kwenye kona. Baada ya kona, pikipiki ikanyooka kama mshale.

Huku nyuma Mayala alikuwa akichekelea. Mtu ametetemeka, basi uyoga ni wa humo. Uyoga ni wa humo, basi dhahabu ipo. Akawashusha wachimbaji shimoni, miguu mitupu. Yeye akabaki juu, kusimamia usalama.