Kochi la Darasa la Saba

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule katangaza: kila mwalimu achunguze ufundishaji wake mwenyewe, atafute namna ya kuwafanya wanafunzi wajisikie darasa ni lao. Atakayefaulu atakuwa msaidizi wake. Mimi! Nani mwingine? Mwalimu wa hesabu, jirani yangu wa darasa, ukuta kwa ukuta, kasema ataanza kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Mtu hujisikia nyumbani akikaa kwenye kochi. Mke wangu yuko kwa dada yake mpaka Ijumaa. Kochi letu limeingizwa darasani kupitia dirishani. Mguu mmoja ukavunjika, nimeliegemeza kwa atlasi. Somo la jiografia: mito. Darasa zima liligombea kukaa. Ushiriki wa hali ya juu! Kisha ngumi. Nazo nimezihesabu kuwa ushiriki.

Jumatano, 5 Machi
Wamejisikia nyumbani kupita kiasi. Mmoja kavua viatu. Mwingine kakoroma. Wa tatu kaniomba, kwa adabu, nipunguze sauti.
Kipindi kilichofuata wakahamia kwa jirani: vicheko. Nikachungulia kwenye tundu la kitasa. Yeye kakaa dawati la nyuma, na binti yule mkimya, ambaye kwangu hajawahi kufungua mdomo, yuko ubaoni anafundisha hesabu za sehemu! Uvivu mtupu. Mlango ukafunguliwa, nikaangukia ndani. Nikasema nakagua bawaba.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu kaja kukagua. Nyuma yake, mke wangu! Karudi mapema, kakuta sebule tupu. Hakunisalimu. Kawageukia wanafunzi: “Wanangu, nisaidieni kubeba.”
Wakainuka wote, hata mkoromaji. Yule binti mkimya akatoa amri: nyie shikeni huku, nyie fungueni njia. Wakalitoa mlangoni, limesimamishwa wima. Kumbe linapita! Tunafika nyumbani, mke wangu keshajua jina la kila mmoja. Mimi nilibeba mguu.
Baadaye mkuu kawauliza ni lini wamejisikia darasa ni lao. Wakajibu: leo, tulipobeba pamoja, na mama akatuita kwa majina.

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kapewa mwalimu wa hesabu. Kanishika mkono, kanishauri kwa upole nijaribu kuwauliza wanafunzi wanataka nini. Wivu huo! Kosa nimeshaliona: kochi lilikuwa dogo. Mama mkwe ana kitanda cha futi sita, naye Jumatatu anasafiri.