Bijou Hajapanda Treni

Wiki iliyopita redio ilitoa habari moja tu, na kabla kahawa ya Mama Zuena haijachemka, benchi letu la karibu na stesheni ya Kamina lilikuwa limeshagawanyika. Bijou, mke wa Éliézer, mwimbaji wetu wa kontri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, alikuwa ameshika maikrofoni akasema:

"Bantu ba Kamina, minyi njo Bijou. Sikupanda treni. Sikukimbia na mwanaume. Niko ku nyumba, nasonga bukari."

"Amemuua bwana yake!" akalia Mwepu. Tunamwita Chef de Gare, mkuu wa stesheni, ingawa hajafanya kazi ya reli hata siku moja.

"Amemuua namna gani? Amesema kweli," akajibu Shafii muuza vitenge, ambaye kwa mdomo wake tunamwita Avocat, yaani wakili.

"Kweli inafanya nini mu kontri? Weye unajua maisha ya ule mutoto? Baba yake soda, askari ku base ya jeshi, yeye anasikiliza kaseti za bamisionari, anaimba ngombe. Ngombe gani? Hata mbuzi hana! Akaenda Lubumbashi, ku mabar bakamufukuza juu hajue kutikisa kiuno. Akarudi na njala. Njo akatunga ile wimbo, Bijou amepanda treni, ameniacha. Kamina yote ikalia! Minyi nililia mpaka bibi yangu akaniuliza, ule Bijou ni nani yako?"

"Na Bijou mwenyewe?" akauliza Avocat. "Ku soko bamama banaamini wimbo, banakataa kumuuzishia hata majani ya sombe!"

"Hata minyi nilimunyima kahawa," akasema Mama Zuena, akifuta kikombe kilichokuwa safi.

Hapo Éliézer akatokea, mikono mitupu, akajitupa kwenye benchi kama gunia la unga.

"Bijou alisha kwenda. Kweli kweli. Ku yaya yake, dada yake mukubwa, kule Luena. Ameniambia, sasa wimbo yako iko ya kweli, uimbe muzuri."

Chef de Gare akaruka. "Bahati hiyo! Jumamosi utajaza uwanja!"

"Nilijaribu, papa. Sauti haikutoka. Nyumba iko kimya, nasikia tu panya." Machozi yakamshuka, na safari hii hayakuwa ya jukwaani.

Hakuna aliyecheka. Avocat akasimamisha pikipiki ya abiria. "Panda. Luena."

"Na konseri?" akauliza Chef de Gare.

"Panda, weye!" Avocat akamhimiza Éliézer.

Siku ya Jumanne Éliézer akarudi, vumbi mpaka kwenye nyusi, Bijou nyuma yake.

"Ulimuimbia nini?" tukamvamia.

"Sikuimba kintu. Niliomba tu musamaha."

"Akakubali bila muziki?"

"Nilikubali juu ya vile hakuimba," Bijou akajibu mwenyewe.

Chef de Gare akashika kichwa. "Basi kontri imekufa mu Kamina!"

"Haijakufa, papa," akasema Bijou. "Ataimba. Lakini ule mwanamuke wa kupanda treni apate jina ingine."

Éliézer akaanza kuimba puani taratibu, akionja majina. "Amida… hapana, inaisha mbio. Tshiala… haitoe machozi."

Mmoja mmoja tukageuka kumtazama mwenye birika.

"Zueeena," Avocat akavuta, amefumba macho. "Ile iko na urefu ya kulia!"

Mama Zuena akainua birika. "Muntu ataweka jina yangu mu treni, hii kahawa anakunywa na kichwa!"

Benchi likabaki tupu. Chef de Gare ndiye aliyetangulia, akavuka reli bila kutazama kulia wala kushoto.