Wembe wa Marehemu Baba Unacheka

Kapata, Alhamisi, saa nane mchana

Kwa Mama Ngalula, Prezida wa Komite ya soko letu dogo

Mama Prezida,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili na mgonjwa wa moyo, nikitumaini kwamba wewe na watu wa nyumbani mwako hamjambo pande zote mbili. Mimi ni Omari Saleh, yule mstaafu wa nyumba ya kona yenye mlango wa kijani. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa vyuma katika atelye, yaani karakana ya kampuni, na hakuna kipande changu hata kimoja kilichowahi kurudishwa kwa sababu kimepinda. Sijisifu. Nataka tu ujue anayelalamika ni nani.

Ninamlalamikia mzee mwenzangu tata Kabasele, mnoaji wa visu, anayekaa na jiwe lake chini ya mwavuli karibu na wamama wa mikate. Kwa heshima zote ninaomba aondolewe sokoni kabla ya kesho Ijumaa. Sababu zangu ni hizi:

1. Marehemu baba yangu, mzee Saleh, alikuja Kolwezi kutoka Kasongo kufanya kazi ya reli, na mkononi alikuwa na wembe wa kukunja, ule wa zamani unaoingia ndani ya mpini wake. Kwetu mtoto akifikisha siku saba ananyolewa nywele alizozaliwa nazo, na anayenyoa ni babu. Wembe ule ulinyoa vichwa vyetu vyote. Baba alipofariki ukalala miaka tisa ndani ya kopo la sardini juu ya kabati, ukala kutu. Jumamosi iliyopita binti yangu Amisa alijifungua mtoto wa kiume kule Musonoi, mjukuu wangu wa kwanza. Jumapili nikaupeleka wembe kwa Kabasele aufufue. Kutu aliitoa, nakubali. Mpini mpya wa pembe ya ng'ombe aliutia, na ni mzuri, nakubali pia. Lakini Jumanne aliponipa nikaweka rula yangu ya chuma juu ya makali, Mama Prezida, nikaona mwanga! Katikati chuma kinagusa rula, na huku kisiginoni, karibu na mpini, na huku nchani unaweza kupitisha karatasi. Makali yana tumbo. Ukiyatazama kwa upande, wembe unacheka. Katika atelye yetu kipande cha namna hiyo kilikuwa kinatupwa bila hata kuandikiwa ripoti.

2. Nilimwamuru kwa upole aupeleke kwa wachomeleaji, apitishe makali kwenye jiwe la umeme mpaka yanyooke. Alikataa. Alikataa mbele ya wateja, akiwa ameketi, na mimi nimesimama. Maneno yake ninayaandika kama alivyoyasema: "Mi naweza kuinyoosha hata sasa, tata Omari. Lakini humu ndani kuko mukono ya baba yako, vile alikuwa ananoa. Nikiinyoosha, naiondoa." Nikamjibu kwamba mkono wa baba yangu ulizikwa pamoja na baba yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa kaburini. Wamama wa mikate wakacheka. Nikauacha wembe pale pale juu ya meza yake, nikaapa sitaurudia mpaka unyooke, nikaondoka kwa miguu ingawa motari wa pikipiki aliniita mara mbili anibebe.

3. Tabia yake ya kunoa ni mbaya kwa watu. Halazi wembe na kuusukuma mbele moja kwa moja kama mtu mwenye dini. Anaanza na kisigino, anageuza kifundo cha mkono polepole, anamalizia na ncha, utafikiri anabembeleza mtoto alale. Eti makali yenye tumbo yanataka kufuatwa. Kufuatwa! Mimi nina wembe wangu nilionunua Lubumbashi mwaka niliooa. Ninaunoa mwenyewe kila Jumapili, sijafuata kitu, na umenyooka kama reli ya Mutshatsha.

4. Ugonjwa umeanza kuenea. Jana nilinunua mkate kwa jirani yake. Mama yule alipoukata ili aupake majarini, kisu kilipinda kwa mtindo ule ule wa Kabasele. Upande mmoja ulibaki mnene, na majarini yote yakakimbilia upande mwembamba. Nusu ya mkate huo ninaiambatanisha na barua hii kama ushahidi.

5. Tukinyamaza tutafika wapi? Motari wa njia ya Musonoi tayari hawaendi sawa, wanasingizia mashimo. Kesho mchimbaji atapindisha shimo lake mpaka chini ya chumba changu cha kulala, na nikimuuliza atasema ni mkono wa baba yake. Nasikia pia kuna mizani ya wanunuzi wa madini, kule njiani, ambayo imeinama miaka mingi. Hiyo sikuiandikia barua, kwa kuwa wenyewe ni watu wakubwa na mimi ni mtu wa amani. Kabasele ana jiwe moja na mwavuli. Tuanzie hapo.

6. Nyumbani sina msaada. Mke wangu Djamila anasema ndevu za baba hazikulalamika hata siku moja. Amisa amenitumia ujumbe wa sauti asubuhi hii: wembe usipokuwa tayari kesho, mume wake atanunua kinyoleo cha plastiki dukani. Mama Prezida, mtoto anaitwa Saleh, jina la baba. Kichwa cha Saleh kinyolewe na plastiki ya kutupwa! Nimeusikiliza ujumbe huo mara nne. Inaniuma sana.

Kwa hiyo ninaomba iundwe komisheni ya watu watatu, ipime visu, majembe na vijiko vya soko zima, na chochote kilichopinda kinyooshwe pamoja na mwenyewe. Kuiongoza nitakubali mimi, ukinisihi. Rula ninayo, nilipewa siku ya kustaafu.

Nisalimie komite yote, wamama wa mikate (hata waliocheka), mzee wa makala ya kupikia, na mlinzi wa lango, mwambie habari za mguu wake nimezisikia, apone haraka. Ni mimi, mwenye moyo mzito na rula mkononi,

Omari Saleh

N.B. Kabla sijafunga bahasha nilitaka kukuchorea umbo la wembe wangu wa Lubumbashi, ili komite ione kunyooka ni nini. Nikaulaza juu ya karatasi, nikaweka rula. Katikati inagusa. Kisiginoni mwanga, nchani mwanga. Nikageuza rula upande wa pili, nikaifuta kwa shati, nikaweka tena. Mwanga ule ule. Hakuna aliyenifundisha, Mama Prezida. Baba alikuwa ananoa barazani na mimi niko karibu, basi. Djamila alitazama juu ya bega langu, akaenda kuchemsha maji ya chai. Nililia kidogo, naandika kwa sababu ni kweli. Nilitaka kuichana barua, lakini Djamila amesema niitume hivyo hivyo ili soko lijue nimepona. Mkate wa ushahidi nimeula. Kabasele asiguswe. Tafadhali umwambie asifunge mwavuli mapema leo, na asiruhusu mtu yeyote kunyoosha kitu pale mezani. Niko njiani.